Bahasha za Bwana Gaffar

8 Septemba, Jumatatu

Bi Mwanarusi, mwenye nyumba wangu hapa Majengo, kapandisha kodi elfu mbili kuanzia mwezi ujao. Lazima niongezewe mshahara. Lakini nitaombaje bila kujua Nicanor analipwa ngapi? Bwana Gaffar hutulipa kwa bahasha zilizofungwa kwa gundi, na kila mtu huenda kuhesabia yake chooni. Miaka sita tuko duka moja la viungo, Mji wa Kale, na sijui! Nina hakika ananipita. Hata viatu vyake vyasema hivyo.

9 Septemba, Jumanne

Nimepata dawa yake. Nitajifanya fukara, wanihurumie, wanitolee siri zao. Saa ya chai nikawaambia Nicanor na Swafia wa kaunta kwamba mimi hupata elfu kumi na nane. Napata thelathini na mbili. Mwishoni nikashusha pumzi kidogo. Swafia akaweka kikombe chini. Nicanor akasema pole ndugu yangu, akanilipia chai. Mshahara wake hakuutaja. Mjanja sana huyu.

10 Septemba, Jumatano

Swafia kaniletea mahamri na mbaazi za nazi. Mamake naye katuma kilo mbili za sukari, sadaka. Nikapokea. Kukataa ni utovu wa adabu.

Mchana wakafunguka wenyewe. Nicanor ishirini na saba, Swafia ishirini na tano. Kumbe mimi ndiye ninayewapita! Nilitaka kuimba, nikakumbuka mimi ni fukara. Sasa nyongeza nitaiombea nini? Bora ninyamaze.

11 Septemba, Alhamisi

Wao hawakunyamaza. Wamenivuta mkono hadi kwa Bwana Gaffar, wakataja mishahara yao wazi wazi, wakasema si haki mwenzao kulipwa kumi na nane. Wakataka tulingane. Mimi nikatazama gunia la pilipili manga.

Bwana Gaffar akanitazama muda mrefu, akatabasamu. Akachukua kalkuleta. Akajumlisha, akagawa kwa tatu. Akasema amefurahi kuona tunavyopendana, na kuanzia mwezi huu kila mmoja atapata ishirini na nane. Mfukoni mwake haikutoka hata shilingi. Swafia akalia kwa furaha. Na mimi nikalia, wakadhani ni furaha hiyo hiyo.

12 Septemba, Ijumaa

Wenzangu wanasema nimeruka elfu kumi kwa siku moja, haifai nile peke yangu. Jioni wakanipeleka ufukweni Mama Ngina. Nikawalipia viazi karai, mihogo na madafu. Nicanor akaagiza mihogo mara tatu. Bi Mwanarusi sijui nitamwambia nini.

Njiani nikafikiri vizuri. Hila haikuwa na kasoro, ila niliwafanyia watu wenye huruma kupita kiasi. Na huyu Kache anayefagia duka, simu mpya kaitoa wapi? Huyo ananipita, wallahi. Jumatatu saa ya chai nitamwambia napata elfu tisa.