Kimeng'enya cha Primus

Primus wa Pasua alikuwa akimalizia karanga zake mtaani Rau, akagundua kuwa karatasi iliyozifunga ina thamani kuliko karanga zenyewe. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha wasomi. Ulisema ubongo hupashana habari kwa kemikali, kemikali hizo hazitengenezeki bila kisaidizi, na kisaidizi hicho nacho hutengenezwa na kimeng'enya. Yote kweli tupu. Primus akaona si vizuri kuyaacha hivyo bila kuyatia uongo kidogo.

Wiki hiyohiyo alipanda mlimani, kijiji cha Kirua Vunjo, amevaa koti jeupe la kuazima buchani. Huko mama mmoja, Mektrida, alikuwa na shida ya kweli: tangu bei ya kahawa ianguke, mumewe, Mzee Ndelilio, hakucheka tena. Alikaa kibarazani akiitazama mibuni. Mama alikuwa radhi kumtoa beberu wake mnono ili akisikie tena kicheko kile.

"Shikamoo mama. Mzee amepungukiwa kimeng'enya," Primus alisema. "Bila kimeng'enya, kisaidizi hakuna. Bila kisaidizi, kemikali ya furaha ataitengeneza nani? Mimi na wewe?"

"Kumbe!"

"Kimo humu." Akatoa chupa mkobani. Ndani mlikuwa na maji ya sukari na sanamaki ya kumharisha ng'ombe, maana mteja asiposikia kitu tumboni hudhani ameibiwa.

Kamba ya beberu ikatua mkononi mwa Primus. Mama akamimina chupa nzima kwenye kata, akampa Primus, si mumewe.

"Anza wewe, daktari. Huku kwetu aletaye kinywaji ndiye anayeonja, tujue hakuna sumu."

Mtoto wa mjini alikuwa ameisahau desturi ya babu zake. Akalowesha midomo.

"Hata pombe yetu ya mbege hatuonji hivyo, baba. Kunywa, tulione koo."

Primus akamtazama beberu, akanywa yote, akaaga haraka. Hakufika hata kwenye uzio wa masale. Tumbo likanguruma, beberu akagoma, na ikabidi achague: amshike beberu au ajishike mwenyewe. Akaachia kamba, akatupa mkoba, akazama migombani.

Kibarazani, Mzee Ndelilio alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mektrida akafuta machozi kwa kanga, amefurahi kupita kiasi.

"Mama!" sauti ililia kutoka migombani. "Mzee amecheka! Dawa imefanya kazi! Nipe beberu wangu!"

"Imefanya kazi kweli, mwanangu," Mektrida alijibu, akiuokota na kuufungua mkoba. "Ila kumbe mgonjwa anapona ukinywa wewe. Maliza taratibu. Humu chupa bado zipo, na jirani yangu Eliona naye mumewe hacheki."