Kamba ya Mlango wa Magogo

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimefika! Nyumba ya magogo aliyoijenga babu wa babu yangu imekarabatiwa upya, na mimi Harlan ndiye wa kwanza kulala humo! Jumapili Shangazi Orpha atachagua mtunzaji wake: mimi au binamu yangu Verlin. Atakayeoka mkate wa mahindi kwenye moto wa kuni, kama wazee walivyooka, ndiye huyo. Naitaka nyumba hii kuliko kitu chochote. Verlin ni fundi wa kila kitu, sawa. Lakini akili? Tuyaache.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mkate wa kwanza: mkaa. Wa pili: uji. Nimeshuka mjini kununua uliokwisha kuokwa. Nitaupasha moto tu na kuupaka majivu kidogo. Nani atajua? Mimi ni kiboko!

Jumamosi, 11 Oktoba
Verlin kapita, eti anasalimia. Kanusanusa. Kauliza mbona moto umezimika na mkate unanukia. Nimemwambia ashughulike na pua yake. Mlango wetu hauna kufuli. Una komeo la mti kwa ndani, na kamba inayopita tunduni kuning'inia nje. Ukiivuta, komeo linanyanyuka. Kwetu kamba hukaa nje mchana kutwa, mgeni ajue anakaribishwa. Kesho naiingiza ndani. Tuone pua itapitia wapi!

Jumapili, 12 Oktoba
Kamba ndani. Mkate kwenye majivu. Raha tupu! Nikatoka kuchukua kuni. Upepo. Pa! Mlango umejifunga, kamba iko ndani, mimi nje na nguo za kulalia.

Nikajaribu dirisha. Mabega yakapita. Makalio yakagoma.

Shangazi Orpha na Verlin wakanikuta hapo. Shangazi akayauliza makalio yangu tangu lini ukoo huu unawafungia watu mlango. Verlin akapitisha waya tunduni, komeo juu, kisha akanivuta ndani huku akicheka mpaka machozi. Shangazi akauonja mkate. Akausifu! Akaugeuza. Kibandiko cha duka, kimeungua nusu.

Verlin, aliyeoka wake kwa kuni kweli, ndiye mtunzaji. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Verlin kasema nije siku yoyote, kamba itakuwa nje. Mtu mwema. Nusura nilie.

Basi nitakuja asipokuwepo, niingie, niivute kamba ndani, tuone nani mtunzaji! Na nikijifungia nje tena, dawa ninayo. Nimelipima dirisha. Nikiacha kula mkate mpaka Krismasi, napita.