Fuko Ana Mwenyewe

Jumatatu, 3 Novemba

Shina moja la gladiola limezama ardhini asubuhi hii nikiliangalia. Halikukatika, halikuanguka. Lilishuka wima, taratibu, kama bendera inayoteremshwa jioni, mpaka likabaki jani moja. Nikalishika. Chini nako kukavutwa. Nimebaki na jani.

Kamene, mke wangu, amesema ni fuko, anafuata matunguu, yale mafundo yanayofanana na vitunguu ambamo ua huchipuka. Nimemwambia najua fuko ni nini. Ninachouliza ni katoka wapi. Hapa Ndithini hatukuwa na shida ya mafuko mpaka Nyakio alipofungua duka sokoni, akanunua shamba la jirani na kuhamia kutoka Murang'a na mbegu zake za viazi vitamu. Kamene amesema fuko hapandi gari.

Hali ni hii. Sikukuu ya Kristo Mfalme ni tarehe 23. Mwaka jana Nyakio alileta maua kutoka Nairobi, akapamba altare, na Padre akalitaja jina lake mara mbili. Mwaka huu nilimwahi Padre. Amekubali altare ipambwe kwa gladiola zangu, mradi zitoshe. Zisipotosha, Nyakio yupo. Alilisema hilo mbele ya Nyakio mwenyewe, naye akatabasamu.

Zitatosha.

Jumatano, 5 Novemba

Mashina mengine yamezama. Nimetumia moshi. Pilipili kavu, samadi ya mbuzi na akala zangu za zamani, vyote ndani ya kopo lenye makaa. Nikalisukuma kopo shimoni, nikapepea kwa sinia la Kamene. Moshi uliingia vizuri sana. Nikasimama na jembe, nikingoja fuko atoke akikohoa.

Aliyetoka akikohoa ni Nyakio, upande wa pili wa seng'enge. Moshi wote ulikuwa ukifuka katikati ya viazi vyake. Aliuliza kama siku hizi kwetu tukikosa nyama tunachoma viatu. Akacheka mpaka wapita njia wakasimama.

Acheke. Hajui amenipa nini. Moshi ulipotokea ndipo ulipo mlango wa nyumba ya fuko. Analala kwa Nyakio, anakula kwangu. Mbuzi akifanya hivyo, mwenye mbuzi hulipa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepeleka kesi kwa Wathome, mzee wetu wa kijiji, anayeamua mambo ya mifugo iliyoingia mashamba ya watu. Alidhani ni mbuzi. Nilipomaliza kueleza alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akauliza kama nina hakika nataka neno hili lisemwe hadharani. Nimesema nataka lisemwe kwa sauti. Akauliza kama fuko huyo ana alama sikioni. Nimemjibu kwamba hata masikio yenyewe hayaonekani. Mkewe alikimbilia jikoni, leso mdomoni.

Tutasikizwa Jumapili baada ya misa.

Kamene anauliza kwa nini nisitandike wavu wa kuku chini ya tuta kama watu wengine. Wavu ni wa mtu aliyekwisha kubali kwamba fuko ana haki ya kuja.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeshinda.

Watu walijaa uani kwa Wathome kuliko nilivyotarajia. Wengine walikuja na vigoda. Nilieleza habari ya moshi, ulipoingia na ulipotokea. Nikawauliza: mbuzi asiye na alama ni wa nani? Wakajibu kwa pamoja kwamba ni wa mwenye zizi analolala. Basi. Nikakaa.

Nyakio hakubisha. Alikuwa anasuka kiondo, hata mikono haikusimama. Aliuliza jambo moja: "Kwa hivyo, Mzee Kimeu, huyu mnyama ni wangu?" Nikasema ni wake. Akaomba nirudie, wa nyuma hawakusikia. Nikarudia. Akauliza, na watoto wake je? Nikasema wake pia, mpaka vitukuu. Akasema sawa, amekubali, hana neno.

Wathome akamwamuru alipe debe la viazi kwa maua yaliyoliwa. Ameleta mwenyewe kabla ya jua kuzama, akiwa mchangamfu. Kamene amevichemsha, lakini amekuwa akinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wivu upo hata ndani ya nyumba.

Jumanne, 11 Novemba

Hukumu haijamfikia fuko. Amekula usiku kucha. Na sasa machipukizi yanaanza kuonyesha rangi, nyekundu hasa, ile ya Kristo Mfalme. Nimemwambia Nyakio kupitia seng'enge amzuie mnyama wake. Amesema amejaribu kusema naye, lakini amekuwa mkaidi, ameiga majirani.

Nimemwita Titus, mtega mafuko. Amepinda ufito, akafunga kitanzi cha waya kwenye njia ya fuko na kufukia vizuri. Kamene ameuliza, polepole sana, Jumapili tulisema fuko ni wa nani. Nimemwambia akiingia kwangu ni wa mtego.

Ijumaa, 14 Novemba

Amenaswa. Mnene, meno ya manjano, mdomo umejaa udongo. Udongo wangu.

Titus alitaka kumfukia palepale. Nimekataa. Nimemtundika kwenye fimbo, nikampeleka sokoni, nikapita mbele ya duka la Nyakio. Alikuwa anapima sukari, hakuinua macho. Nikageuka nikapita tena, polepole zaidi, nikikohoa.

Safari hii aliona. Akaweka mizani chini. Akaniuliza kwa upole, mbele ya wateja na mbele ya Wathome aliyekuwa pale akinywa chai: "Mzee, umeniulia mnyama wangu?"

Nilikuwa na jibu zuri. Limenijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumapili, 16 Novemba

Kesi ya pili. Watu mara mbili ya wale wa kwanza. Kuna mama aliyekuja kuuza njugu.

Nimejitetea kwamba fuko si mfugo. Wathome akauliza ni nani aliyemfananisha na mbuzi. Nikasema hana faida yoyote. Nyakio akasema labda kwangu; kwake alishamzoea. Titus akaitwa. Akaulizwa, dume au jike? Jike. Mimba? Titus akakuna kichwa, akasema kwa kweli tumbo lilikuwa kubwa. Watu wakaguna kama aliyekufa ni ng'ombe wa maziwa. Nilimkazia Titus macho. Huyo nimemlipa mimi.

Wathome akasema anayeua mnyama wa jirani hulipa mnyama kwa mnyama. Nyakio akasema hana haraka ya kufuga mwingine. Atapokea maua. Yote yaliyobaki.

Nikasema sikubali, hata kwa dawa. Wathome akasema sawa: nilete fuko jike mwenye mimba, mzima, kabla ya Jumamosi. Nikisema siwezi, maua.

Nimesema naweza.

Jumatano, 19 Novemba

Natafuta fuko. Nimechimba upande wa migomba, nimechimba nyuma ya choo, nimechimba kando ya matuta yote ya gladiola. Hata mkia sijaona. Walikuwa wananifilisi bila kualikwa. Leo nawaalika, wamekosa adabu.

Kamene amesema mashimo yangu sasa yanashinda ya fuko. Nyakio alisimama kwenye seng'enge akanipa pole ya kazi. Akauliza kama nimejaribu kuwaita kwa moshi.

Jumapili, 23 Novemba

Maua yalitosha. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mekundu, yamenyooka, kuanzia ngazi mpaka tabernakulo. Hakuna aliyewahi kuleta ya namna hiyo parokiani.

Padre alimshukuru Nyakio kwa jina, mara tatu. Nyakio akasimama, akamwomba Padre asimsahau marehemu aliyeyaacha. Kanisa zima likacheka, isipokuwa Padre, ambaye hakuelewa, na mimi. Kicheko cha Kamene nilikitambua kutoka upande wa wanaume.

Sikungoja chai. Nilirudi shambani moja kwa moja, na hapo, kwenye tuta tupu, nikakuta rundo jipya la udongo. Bichi. La leo. Nikachomachoma ardhi kwa fimbo kufuata njia. Inaanzia kwangu. Inapita chini ya seng'enge. Inaingia kwenye viazi vya Nyakio.

Nimekaa kwenye jiwe nikafikiri kwa utulivu. Analala kwangu, anakula kwake. Sheria ipo, kijiji kizima kiliisikia mara mbili. Kwa hiyo fuko huyu ni wangu, yeye na watoto wake mpaka vitukuu. Nimemwonya Titus asikanyage hapa. Nimemwagia mlango wake maji kidogo, udongo uwe laini. Fuko wa mtu atunzwe.

Kamene aliporudi ameuliza, sasa yale matunguu yaliyobaki kwenye gunia nitayalinda na nini. Nimemwambia hayahitaji kulindwa. Mnyama hawezi kula mali ya mwenyewe.

Nimeyapanda jioni hii, yote, kuzunguka mlango wake, awe karibu nayo.