Saa Nne za Mchana Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu, 8 Januari
Nimezirai kazini. Wembe mkononi, shingo ya karani wa posta mbele yangu! Bahati yake, nilianguka kinyumenyume. Daktari Abdala kasema moyo umechoka: nilale kila mchana kama watu wote wa mji wetu wa Frías, la sivyo nitazikwa kabla ya Pasaka. Nikasema sawa, daktari. Njiani nikawaza. Kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja mji mzima umelala. Nicasio Ledesma, kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, hukoroma kama trekta. Saa hizo nne wateja wake ni wa nani? Wangu!

Jumanne, 9 Januari
Mke wangu Ercilia alipopitiwa na usingizi, nikalaza mito miwili mahali pangu, nikaifunika shuka, nikatorokea dirishani. Saa nane nimefungua. Joto nyuzi arobaini na tatu. Wateja: hakuna. Mbwa: hakuna. Saa tisa akaingia mwanamume. Nikamkalisha, nikamfunga kitambaa shingoni. Kumbe anaulizia stendi ya basi. Akavua kofia kujifuta jasho. Upara mtupu.

Jumatano, 10 Januari
Kilichokosekana ni tangazo! Nimezunguka mtaa kwa baiskeli na kipaza sauti: nusu bei, saa nane hii hii! Madirisha yakafunguka. Nikapokea kandambili moja, ndoo ya maji, na matusi ya bibi mmoja anayesali kila asubuhi. Mkuu wa polisi akatoka amevaa chupi tu, akaninyang'anya kipaza sauti. Ercilia kasema alishajua tangu jana. Eti kitanda kilikuwa na amani mno.

Alhamisi, 11 Januari
Mteja! Eudoro wa reli, anaoa Jumamosi, hana nafasi ila mchana. Nikamtazama Nicasio kwa mbali, amelala kwenye kitanda chake cha bembea. Mjinga! Nikawasha mashine. Joto, feni, mngurumo… Nikafumba macho kidogo tu. Nilipofumbua, Eudoro naye amelala, na kichwani pake pana barabara kutoka paji la uso hadi kisogoni. Alilia. Mama mkwe wake alikuja, hakulia. Nicasio akaja akipiga miayo, mkono wake umetulia, akamnyoa kichwa chote mpaka akapendeza. Akanishika bega mbele ya watu: "Nenda kalale, kaka. Wateja wako nitakutunzia."

Kaka! Mtu tuliyechukiana naye miaka ishirini!

Ijumaa, 12 Januari
Ercilia kabeba suruali zangu zote, kaketi mlangoni. "Ukifa kwa ubishi, Wenceslao, nitaolewa na kinyozi anayelala." Nimelala kwa muda wa saa tatu. Nakiri: ajabu! Mkono hautetemeki. Kichwa chepesi. Daktari ana akili kweli. Tangu leo, mapumziko ni sheria.

Jumamosi, 13 Januari
Nimeipangia sheria saa zake. Nitalala asubuhi, saa mbili hadi saa sita. Mchana, Nicasio akiwa hoi, nifungue nikiwa na nguvu mpya! Bango nimeshabandika mlangoni. Leo nimejilaza saa mbili kamili, lakini usingizi umegoma. Ng'ambo kuna foleni ndefu, watu wanacheka, wengine ni wateja wangu. Nimemtuma Ercilia akawanyamazishe. Karudi na nywele zimetengenezwa.

Mji gani huu usioheshimu usingizi wa mtu?