Nani Aende Chuo, Nani Auze Magodoro

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Fazila amesema mwaka huu tutafute mtoto. Nikasema sawa. Akasema na mwaka huu huu mmoja wetu aende chuo cha tiba. Hapo nikakaa vizuri. Sote wawili tuna alama za kutosha, na sote tumezitamani kazi za afya tangu kabla ya kuoana. Lakini duka letu la magodoro hapa Busia haliwezi kujiuza lenyewe. Kwa hivyo mmoja asome kwanza, mwingine auze na alee. Baadaye tubadilishane. Tutaamua Ijumaa ya wiki ijayo, kila mtu aje na kozi yake na sababu yake.

Yeye ameshachagua uuguzi na ukunga. Sababu atasema siku hiyo.

Yangu ni kuitwa daktari. Hiyo haisemeki. Nimemwambia nina wito. Akauliza wito wa kozi gani. Nikasema wa jumla.

Lazima nishinde. Kaka yake, Usman, ni klinikal, yaani afisa tabibu, kule Malaba, na huenda sokoni na ile mipira ya kusikilizia moyo shingoni. Kununua nyanya!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na famasia. Kazi ya kukaa, kwenye kivuli, na feni. Ekwaro, mwenye duka la dawa karibu na stendi, amekubali nikae naye nione kazi ilivyo. Masharti yake: nisiguse kitu, nisimwambie mtu kitu.

Akatoka kidogo kununua chapati. Akaingia mzee mmoja kutoka Bukhayo, anahema. Nikaona huu ndio wito wenyewe. Nikamkalisha. Nikamwambia atoe ulimi. Akatoa. Nikamwambia apumue kwa nguvu, akapumua, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni kama anavyofanya Usman. Nikamwambia mapafu yake yamechoka na apunguze mambo mengi. Mzee akauliza mambo gani. Nikasema yeye mwenyewe anajua.

Kumbe ni Mzee Barasa, mwenye jengo lenye duka la Ekwaro. Alikuwa amekuja kumwambia Ekwaro kuhusu bomba linalovuja, na alihema kwa sababu ya ngazi. Ameondoka amekasirika sana.

Ekwaro ameniomba, kwa upole, nijaribu kozi nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu mpya. Badala ya mimi kupanda, Fazila ashuke.

Jirani yetu Brendah ni muuguzi na ana mimba kubwa. Nikamwomba aje kwetu jioni amweleze Fazila ukweli: zamu za usiku, kusimama, miguu kuvimba. Nikamwambia asifiche kitu. Hata akitaka kulia, alie.

Brendah amekuja. Amesema miguu inavimba, ndiyo, halafu wakacheka. Akaeleza jinsi wenzake wanavyobadilishana naye zamu, jinsi mwenzake mmoja alivyojifungua akiwa bado mwanafunzi, akapumzika kisha akarudi kumaliza kozi. Fazila akauliza maswali mengi mazuri. Chai ikaisha, wakapika nyingine. Mimi nikatumwa mandazi.

Wakati wa kuaga, Brendah amenishukuru mbele ya Fazila kwa wazo langu. Fazila amenitazama kwa mapenzi sana. Sasa nashindwa kulala.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemeza kiburi, nimeenda Malaba kwa Usman. Nikamwambia nataka kuwa klinikal kama yeye. Akafurahi kupita kiasi. Akanivalisha koti jeupe. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha na, kusema kweli, linanipendeza kuliko yeye.

Akaingia dereva wa lori, Mganda, amekatwa mkononi na waya wa turubai akifunga mzigo kwenye foleni ya mpakani. Usman akaniambia nishike trei. Niliishika vizuri. Akachukua sindano na uzi. Bado niliishika vizuri. Kisha sindano ikaingia.

Niliamka nimelala kitandani kwa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa amesimama pembeni ananipepea kwa mkono wake mzima. Akaniambia kwa heshima ya kwao, "Pole ssebo, imeshaisha." Nilidhani ananiambia nimekufa.

Mama mkwe, ambaye lojingi yake ya kulaza wageni iko mtaa wa nyuma ya kliniki, amenitumia uji. Maana yake Usman ameshamwambia kila mtu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Afya ya jamii. Hakuna damu, ni maneno tu. Na maneno ninayo.

Mama mkwe ana kikundi cha kina mama kinachokutana uani kwake. Nikaomba nizungumze nao juu ya kujiandaa kupata mtoto. Nilisoma kwenye simu njia nzima. Nikawaambia mama aanze vidonge vya foliki kabla hata ya kushika mimba, baba aache sigara, wote wapimwe mapema. Yote kweli. Kisha mama mmoja, Akol, akaniuliza mimi nina watoto wangapi. Nikasema tunapanga. Akauliza tunapanga tangu lini. Walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Fazila alikuwa amekaa nyuma. Msichana mmoja mwenye mimba changa hakucheka. Fazila akahamia kando yake, akamshika mkono, wakaongea polepole. Sikusikia walichosema. Niliona tu mabega ya yule msichana yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Mkutano ulipoisha, wanawake wengine walikuwa wamepanga foleni kwa Fazila.

Hakuna aliyepanga foleni kwangu. Sijui kwa nini limenikaa rohoni.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kuamua. Baada ya swala tumekaa dukani, mlango nusu wazi. Nilikuwa na hotuba. Fazila akaomba aanze.

Akasema mama yake alimzaa mtoto wa mwisho palepale kwenye lojingi. Barabara ilikuwa imefungwa na malori, hakuna gari ambalo lingepita. Fazila alikuwa mdogo. Ndiye aliyetumwa kumwita mkunga kwa miguu. Mkunga alifika, lakini mtoto alikuwa ameshaondoka duniani. Hakuwa amewahi kuniambia haya.

"Wewe Nasir unataka koti," akasema. "Mimi nataka kufika mapema."

Nikaiweka hotuba mfukoni. Nikamwambia aende yeye. Nikamwambia mtoto tusimwahirishe, akija nitambeba mgongoni huku nikiuza, wateja wazoee. Akalia. Mimi sikulia. Magodoro mapya yana vumbi.

Jumapili, 17 Agosti

Roho yangu nyeupe kabisa. Nimempigia hata Usman kumwambia nimeachana na mambo ya tiba.

Ila nimegundua kitu. Mtu anayenunua godoro ana mgongo unaomuuma. Anakuja kwangu mwenyewe, analala mbele yangu mwenyewe! Chuo cha nini?

Leo Fazila akiwa sokoni ameingia Mzee Ojiambo, analalamika kiuno. Nimemlaza kifudifudi kwenye godoro gumu, nikaweka goti pale panapouma, nikavuta. Mgongo ukalia ko! Sauti safi sana.

Sasa hawezi kuinuka. Nimemfunika shuka na kumwekea kibao cha bei pembeni ili wateja wasishangae. Anasema miguu inamwasha na inakufa ganzi.

Nimemwambia ndivyo dawa inavyoanza kufanya kazi.