Machozi Yangu Katika Ukumbi wa Gélase

Jumatatu, 4 Machi 2002

Nimelia tena. Mbele ya watu ishirini na sita. Gélase aliwahesabu mwenyewe.

Gélase ni jirani yangu hapa mtaani Nyakabiga. Mimi nauza vitenge. Yeye alikuwa anauza misumari, mpaka alipogundua kwamba wakati wa vita watu wanataka filamu kuliko misumari. Sasa ghala lake lina mabenchi, televisheni na mashine ya video. Anaonyesha saa tisa alasiri, watu wapate kufika kwao mapema. Kaseti za dini anazileta mke wake Marguerite kutoka parokiani. Zile za mambo ya familia sijui anazitoa wapi. Natamani angerudia misumari.

Ya leo ilikuwa ya mjane anayeuza cherehani yake ili mtoto asome. Nilijikaza vizuri sana. Lakini alipoifunika ile cherehani kwa kitambaa mara ya mwisho, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, basi! Béatrice muuza nyanya, ambaye ni mjane wa kweli, hakutoa hata tone. Alinipa ncha ya kitenge chake nipanguse pua.

Tulipotoka tu, mke wangu Ghanima akaanza habari ya barua. Dada yangu Khadidja ameandika kutoka Kigoma. Amempatia binti yetu Tahani nafasi katika chuo cha wauguzi. Meli inaondoka Jumamosi. Nikasema apana. Ziwa lina mawimbi, na Kigoma ni nchi nyingine. Ghanima hakubisha. Alisema tu kwamba kesho kuna filamu nzuri zaidi.

Hapo ndipo nilipozinduka! Baada ya filamu ya yatima nilikubali kumfuga mbuzi wa shemeji. Baada ya filamu ya bibi kipofu nilikubali mama mkwe achukue redio yangu. Mwanamke huyu ananilainisha kwa kaseti!

Azimio: hakuna chozi mpaka meli iondoke bila Tahani.

Jumanne, 5 Machi

Nisipokwenda, Gélase atasema naogopa. Kwa hiyo nikavaa miwani nyeusi. Nikakaa nyuma kabisa, nimekunja mikono kama afisa wa forodha.

Filamu ya parokiani. Kijana amekula urithi wote, anarudi nyumbani viatu vimetoboka. Hadithi yenyewe naijua. Kila mtu anaijua. Lakini sikuambiwa kwamba baba yake anatembea kwa magongo, wala kwamba akimwona mwanawe atayatupa na kukimbia. Machozi yakapita chini ya miwani, yakaingia kwenye ndevu.

Nikainuka haraka kabla Ghanima hajanifikia. Ndani giza, machoni giza. Mguu wangu ukaingia katika kikapu cha Béatrice. Njiani watu wawili walitazama mguu wangu mwekundu wakaniuliza nimepigwa risasi wapi. Nikawaambia ni nyanya. Hawakuniamini.

Hata hivyo, nilifika nyumbani bila kuombwa chochote. Ushindi!

Jumatano, 6 Machi

Hakuna filamu. Asubuhi bunduki zililia upande wa milimani, maduka yakafungwa. Tulikaa kwenye mkeka ukumbini kwetu, mbali na madirisha. Tahani alikuwa anachambua maharagwe. Kila mlio nilishtuka mimi. Yeye hakuinua hata kichwa.

Nikamuuliza, haogopi?

“Nimezoea, Baba,” akasema, akatupa kijiwe nje ya ungo.

Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi. Sasa ana kumi na tisa. Nilitaka kusema kitu. Nikasema maharagwe ya mwaka huu ni madogo. Akakubali kwamba ni madogo.

Saa sita kukatulia, tukafungua maduka. Sikulia. Bila filamu mimi ni jiwe. Ghanima alinitazama muda mrefu, kisha akaenda kuongea na Marguerite. Sikupenda walivyosogeleana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa. Kesho Gélase ataonyesha filamu ya Misri: mzee anakwenda Hija na hajapatana na binti yake. Nimeshajua imechaguliwa na nani, na kwa ajili ya nani. Sawa. Filamu ikiwa ya lugha ya kigeni, Gélase husimama kando ya televisheni akisoma maandishi ya Kifaransa kwa sauti. Sijawahi kumwona akilia. Hana nafasi. Mdomo una kazi!

Nikaenda kumwambia kwamba filamu ya Kiarabu inataka Mwarabu. Babu yangu alitoka Oman. Kesho nitafsiri mimi. Gélase akauliza kama lugha yenyewe naijua. Nikamjibu imo katika damu.

Kwa kweli najua sala, salamu, na maneno ambayo babu alimwambia punda wake. Lakini filamu mtu anaiona kwa macho. Itatosha.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa ukumbi ulijaa. Ghanima na Tahani benchi la pili. Nilianza vizuri. Mtu akifungua mlango, nasema amefungua mlango. Mtu akinywa chai, nasema chai ni tamu. Punda akapita, nikatafsiri bila kosa hata moja. Watu walifurahi. Gélase alikaa pembeni, amenuna.

Kisha binti akatokea na sanduku lake. Mzee akasimama mlangoni. Akaanza kusema maneno marefu, polepole, mkono wake kwenye kitasa. Sikuelewa hata moja. Watu wote wakanigeukia.

Sijui nini kilinipata. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema: “Nenda, mwanangu. Nimekuzuia kwa sababu ya nyumba. Nyumba itakuwa kimya. Ziwa ni kisingizio tu. Mutoto asizoee bunduki. Nenda ukalale usingizi.”

Ziwa! Nyuma ya yule mzee kulikuwa na jangwa tupu!

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeshika televisheni kwa mikono miwili, nalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Gélase akasoma maandishi ya Kifaransa kwa sauti ya upole kabisa: “Rudi ndani ufunge mlango, chai inapoa.”

Hapo ndipo walipocheka.

Tahani hakucheka. Aliinuka, akapita kati ya magoti ya watu, akanishika mkono.

“Nimesikia, Baba,” akasema.

Nikajitetea kwamba ni yule mzee wa Misri aliyesema. Mimi ni mtafsiri tu. Béatrice akasimama na kikapu chake kichwani. “Apana, muzee Ilyas. We ndiye umesema. Mi nimesikia, na wote hawa wamesikia.” Ukumbi mzima ukaitikia. Ghanima akasema sanduku la Tahani liko tayari tangu Jumanne.

Tangu Jumanne!

Jumamosi, 9 Machi

Bandarini. Musafiri, mpakuzi wa mizigo, alibeba sanduku la Tahani begani kama mto wa pamba. Nilimpa Tahani maagizo mengi: asisimame ukingoni, asile samaki asiyemjua, amwandikie mama yake. Aliitikia yote. Akanibusu mkono, akapanda.

Ghanima hajawahi kulia kwenye filamu hata moja. Leo aliketi juu ya gunia la chumvi, akalia kwa sauti, wapakuzi wakaacha kazi. Sikujua la kufanya. Nilimpa leso yangu, nikasimama mbele yake watu wasimwone. Macho yangu makavu kabisa. Nilikuwa nahesabu madirisha ya meli ili nijue la kwake ni lipi. Nilihesabu mpaka hayakuonekana tena.

Jioni nimeweka sahani tatu. Ghanima akairudisha moja kabatini.

Jumapili, 17 Machi

Barua! Musafiri ameileta mwenyewe kutoka bandarini. Tahani amefika salama. Shangazi yake anamlisha kupita kiasi. Anasema usiku wa kwanza kimya cha Kigoma kilimwamsha, akakaa kitandani akisikiliza, kisha akalala mpaka saa tatu asubuhi. Nimemsomea Ghanima mara nne. Gélase nimemsomea mara mbili, bila kuombwa.

Gélase naye amenipa habari njema. Kesho ana filamu ya Kihindi: ndugu wawili wametengwa na ukuta, mmoja ana nyumba kubwa, mwingine paa lake limeanguka. Ghanima ameipenda sana. Ameniambia pia kwamba Jumatano kaka yake Adil atashuka kutoka mtaa wa Carama na watoto wake saba, kutusalimia tu. Mambo mawili tofauti, hayahusiani.

Nimeshamwambia Gélase kwamba nitatafsiri mimi. Kihindi sijui hata neno moja, kwa hiyo safari hii hakuna hatari yoyote.