Lazima Nortey Atoke Kwenye Kile Kiti

Jumatatu, 30 Machi 2020

Siku ya kwanza ya kufungiwa. Accra nzima iko ndani. Ruhusa ya kutoka ni ya chakula, maji na dawa tu. Watu wanalilia biashara zao. Mimi nalilia kiti.

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kujua. Hapa Bubuashie, nje ya baa, tunacheza drafti kila jioni. Sote tunakalia kreti za bia. Kiti ni kimoja tu, cha chuma, chenye mgongo, nacho hukaliwa na bingwa peke yake. Miaka minne sasa bingwa ni Mwalimu Nortey, mstaafu wa hesabu, aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Miaka minne yeye anaegemea, mimi kiuno kinaniuma. Na jana, kabla ya kufungiwa, akakibeba kiti mpaka kwake! Eti wezi. Wezi gani? Ananiogopa mimi.

Nimempigia. Nimemwambia tucheze kwa simu, kila mtu na ubao wake, vyumba tuvipe namba, moja hadi hamsini. Alhaji Seidu, muuza nyama, awe mwamuzi, naye asikilize kwenye simu hiyohiyo. Kila siku saa kumi jioni. Atakayekuwa anaongoza siku tukifunguliwa, kiti ni chake. Nortey amekubali kabla sijamaliza sentensi. Kiburi kile!

Jumatano, 1 Aprili

Nimefungwa mara tano. Tano!

Kufungwa si kitu. Shida ni mdomo wake. Kwetu drafti bila kejeli ni kama kenkey bila pilipili, na Nortey kwa kejeli ana digrii. Amesema friji ninazotengeneza mimi zina bahati, zenyewe angalau zinakufa mara moja. Alhaji akacheka mpaka salio la simu likaliwa. Mwamuzi anacheka! Nimelalamika rasmi. Lalamiko limetupwa.

Araba, mke niliyeishi naye miaka thelathini, kauliza kwa nini naupigia kelele ubao. Mwanamke hawezi kuelewa vita.

Ijumaa, 3 Aprili

Mbinu mpya: mtandao. Nikiona nimekaliwa kooni, napaza sauti kwamba sisikii, nakata simu, halafu nikirudi nadai tuanze upya kwa sababu kete zimechanganyika. Mara mbili imefaulu. Mara ya tatu ndiyo kwanza naanza kupayuka "Haloo! Haloo!" Araba akapita nyuma yangu na sufuria la supu ya mawese, akauliza kwa sauti ya sokoni: "Ekow, mbona unakata simu na mwenzio bado anaongea?"

Alhaji ametoa hukumu. Simu ikikatika kwangu, natoa kete moja. Ikikatika kwa Nortey, pia natoa mimi. Nimeuliza haki iko wapi. Kasema haki nayo imefungiwa ndani.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimempigia Alhaji kando. Nikamsalimia vizuri, nikauliza wajukuu, nikauliza mbuzi. Nikasema najua kipindi hiki nyama inaharibika, na fundi mzuri anaweza kulitazama friza lake bure kabisa, kama kuna watu wanaweza kukosea kidogo kuhesabu.

Amesema: "Fundi, friza langu uliligusa mwaka juzi. Mpaka leo maziwa nikiyaweka humo yanachemka."

Tisa kwa sifuri. Sina hamu ya kuandika.

Jumanne, 7 Aprili

Penye nia pana njia! Binti yangu Ewurasi, aliyeko Takoradi, amenitumia programu ya drafti kwenye simu ya mama yake. Naiwekea mwendo wa Nortey, nayo inaniambia nijibu nini. Haichoki. Haina woga. Haijali kejeli.

Leo nimeshinda mara tatu mfululizo. Nikamwambia hesabu alizofundisha miaka thelathini naona zilikuwa za kutoa tu. Nzuri, eh? Nilikuwa nimeiandika asubuhi.

Araba anataka simu yake. Nimemwambia ni suala la heshima ya familia.

Alhamisi, 9 Aprili

Programu imeniua.

Tulikuwa karibu na mwisho. Ikaniambia nitoe kete mbili nipate kingi. Nikatoa. Nikapata kingi. Nikaanza kupiga makofi. Ndipo nikautazama ubao: kingi wangu yuko peke yake. Na kila mtu hapa, mpaka mlevi wa kona, anajua kwamba ukibakiwa na kete moja umefungwa, hata awe kingi, hata awe na mapembe. Programu haijui! Imetengenezwa huko kwao, wanakocheza mpaka kete ya mwisho ife. Bado inaniandikia eti niendelee, nina nafasi nzuri.

Nortey hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema polepole, kama anamsahihishia mwanafunzi: "Ekow, mtu aliyezaliwa hapa hawezi kucheza hivyo. Nani yuko pembeni yako?"

Nilibanwa. Nikasema ni Araba. Mungu anisamehe, ni neno la kwanza lililokuja mdomoni.

Basi akaomba amsalimie huyo Araba bingwa. Wakaongea saa nzima. Saa nzima, kwa salio langu! Araba alirudi macho mekundu. Kasema wapangaji wote wa nyumba ya Mwalimu walikimbilia makwao kabla ya kufungiwa, yuko peke yake kwenye ua mzima. Kasema bado anapakua sahani mbili, halafu anakumbuka. Kasema ile simu ya saa kumi ndiyo mara pekee kwa siku anayofungua mdomo.

Nimeyaandika yote haya kwa makini. Adui amefichua chanzo cha nguvu zake.

Jumatatu, 13 Aprili

Pasaka imepita bila kanisa na bila nguo mpya. Kumi na nne kwa tatu. Redio inasema huenda tukafunguliwa wiki ijayo. Muda unayoyoma.

Lakini nina mpango, na huu ni mkubwa kuliko yote. Nortey anacheza kwa mdomo. Mdomo ukikosa mtu wa kumkejeli, unashika kutu. Basi kuanzia kesho sipokei simu. Siku tatu. Ya nne naibuka, yeye ulimi mzito, kichwa kimevurugika, namtoa kamasi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na walikuwa wanacheza drafti hao.

Alhaji nimemwambia naumwa mafua. Akasema nisimsogelee hata kwa simu.

Jumanne, 14 Aprili

Saa kumi kamili, simu. Sikupokea. Saa kumi na dakika tano, simu. Saa kumi na nusu, simu. Nimekaa kwenye kreti nikaitazama inavyotetemeka mezani. Raha ya ajabu.

Araba kauliza. Nimesema betri.

Jumatano, 15 Aprili

Mara kumi na moja! Na hakusubiri hata saa kumi. Ameanza saa mbili asubuhi! Mara tano mfululizo, akapumzika, akaanza tena. Sijawahi kuona mtu akivunjika kirahisi hivi. Mwalimu mzima! Nimepiga alama ukutani kwa mkaa, kumi na moja, kama mfungwa anayehesabu siku, ila mfungwa ni yeye.

Ya mwisho ilikuwa saa nane mchana. Iliita kidogo tu, ikakatika.

Nimekula fufu mara mbili.

Alhamisi, 16 Aprili

Kimya. Hata simu moja. Amesalimu amri! Nilikuwa namweleza Araba kwa furaha, nikamwonyesha zile alama. Hakufurahi. Aliuliza hizo simu zilianza saa ngapi. Nikasema asubuhi. Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kuiandika, akachukua simu yake, akampigia Alhaji.

Alhaji ana kibali kwa sababu ya nyama. Alikwenda. Alibisha hodi, hakujibiwa, akaruka ukuta na ukubwa wake wote.

Mwalimu alikuwa sakafuni bafuni tangu jana asubuhi. Aliteleza. Kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Miwani yake iliruka ikavunjika, na bila miwani hawezi kuona namba kwenye kile kisimu chake cha vitufe. Alichoweza ni kubonyeza kile kimoja cha kupiga tena namba ya mwisho. Namba ya mwisho ni yangu. Alibonyeza mpaka betri ikafa. Maji alikunywa ya ndoo ya kuogea.

Nimeona haya. Kweli nimeona haya, naandika hivyo na iwe hivyo. Sikula. Araba hajaniambia neno hata moja, na wote tuliowahi kuoa tunajua hiyo ni lugha gani.

Ijumaa, 17 Aprili

Mguu haukuvunjika, umeteguka. Amefungwa bandeji, asiukanyage wiki mbili. Jirani wa nyuma anampelekea uji. Namshukuru Mungu.

Ila nimefikiri. Siku tatu hajacheza hata mchezo mmoja. Kisheria, asiyetokea amefungwa. Nimempigia Alhaji kumuuliza tu, kwa upole. Amekata simu. Nadhani ni mtandao.

Jumatatu, 20 Aprili

Tumefunguliwa! Redio ilitangaza jana, na leo barabara imejaa utadhani ni sikukuu, kila mtu kavaa barakoa kidevuni. Araba kanikabidhi bakuli la supu, kanielekeza mlango kwa kidole. Nikaenda kwa Nortey.

Nimemkuta uani, amekonda, mguu juu ya kreti. Amekalia nini? Kiti! Kile kile! Mgongo wake umeegemea kabisa. Nikasahau hotuba yote ya kuomba radhi.

Akasema: "Nilikupigia mara kumi na moja, Ekow. Sikutaka kucheza."

Nikasema mtandao. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji pungufu bila ugomvi. Ubao ulikuwa pale, kete zimepangwa pande zote mbili, inaonekana alikuwa anacheza na nafsi yake. Akasema yale ya simu tuyafute. Tuanze upya ana kwa ana, wa kwanza kufikisha michezo mitatu abebe kiti. Nikakaa upesi kabla hajabadili nia.

Mchezo wa kwanza, katikati, nimebanwa vibaya. Mara akashtuka. Amesahau maji! Kwetu mgeni haulizwi habari kabla ya kupewa maji, na Nortey ni mtu wa desturi. Alianza kuinuka. Nilijua mtungi uko ndani, hatua kumi na tano hivi. Ningeweza kumwambia akae, nichote mwenyewe. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini nikautazama ubao.

Akaenda akijishikilia ukutani, mguu mmoja, akiguna kila hatua. Nikasogeza kete. Moja tu. Ishirini na saba kwenda thelathini na mbili.

Akarudi na glasi imejaa, nusu imemwagikia mkono. Akakaa. Akautazama ubao. Akautazama muda mrefu sana. Kisha akanitazama mimi, akasema, "Haya, cheza." Hakugundua chochote! Uzee huo.

Nilipobanwa tena nikaomba glasi ya pili. Akaenda.

Moja kwa sifuri, kwangu. Aliponiaga aliuliza kama kesho nitarudi saa kumi. Nikasema bila shaka, na kesho kutwa pia. Akatabasamu. Hajui yanayomsubiri, maskini.

Bado michezo miwili, na mguu bado una wiki nzima na ushei. Nimemwambia Araba kesho mchana aniwekee samaki wa chumvi, mkavu kabisa, asimloweke. Kiu iwe ya kweli.